Kamera Niliyoichagua

Kisugu, Kampala
Jumapili jioni

Dada yangu Phelister,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini wewe na watoto ni wazima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno, lakini moyo hauna amani.

Uliniuliza kuhusu ile kamera ya chini ya maji. Basi nilinunua. Unajua mimi na wifi yako Nabangala tulijiunga na darasa la kuzamia la Katembo, Mkongo mmoja mpole. Nabangala alitaka tuchukue kamera ndogo ya kufungwa mkononi kwa kamba, ambayo mtu anaweza kuiachia akihitaji mikono yake. Katembo naye akasema mwanafunzi ni heri aende mikono mitupu, mpaka ajue kutulia majini bila kupanda wala kushuka. Mimi nikaona wananibania tu. Nikachagua kubwa, yenye boksi la kuzuia maji na taa mbili za pembeni, kwa sababu ziwa letu ni kijani kama mchuzi wa kunde. Nyumbani nilizamisha boksi tupu kwenye beseni, nimeweka tishu ndani. Tishu ikatoka kavu, nikajiona fundi kamili.

Jana tulizama upande wa Munyonyo. Wazamiaji wana sheria: kabla ya kuingia majini kila mtu humkagua mwenzake, hasa kuhakikisha mtungi wake wa hewa umefunguliwa hadi mwisho. Wa Nabangala nilipaswa kuukagua mimi. Nilikuwa nakaza taa. Nikamwambia yuko sawa.

Kule chini nilimpiga video. Tulipotoka alijifunika taulo akakaa mbali nami, nikadhani ni baridi.

Leo tumerudi kutoka misa Lubaga, nikakaa kuitazama. Dada, nilichokiona! Nabangala anapitisha kiganja shingoni, ishara ya mtu aliyeishiwa hewa. Anapitisha tena. Macho yamemtoka. Na mimi niko mbele yake, namtazama! Lakini nilikuwa namtazama kwenye kioo cha kamera, na nilichokiona jana ni uso uliozidi rangi ya kijani. Halafu unaonekana mkono wangu, unamwashiria asogee kwenye mwanga. Ndipo Katembo anatokea pembeni na kumpa hewa kutoka mtungi wake mwenyewe, nami jana nilidhani ni zoezi la darasa.

Nilipiga kelele hadi majirani wakaja mlangoni. Kumbe Nabangala alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanieleza, bila hasira hata kidogo, kwamba mtungi ulikutwa umefunguliwa kidogo tu. Katembo alitaka kunigombeza palepale ufukoni, yeye akamzuia. Alitaka kwanza ajue kama nilimwona nikapuuza, au sikumwona kabisa. Kisha akaniuliza, kama Katembo asingekuwepo, ningeizima kamera saa ngapi.

Nimeishia kuchukua kalamu nikuandikie, dada.

Anakunja nguo zake aende kwa dada yake Goretti, Kawempe, na hajasema atarudi lini. Simu zako huwa anazipokea. Nakuomba umpigie, ila usinitetee. Mwambie tu kwamba nimeona.

Wasalimie watoto na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Ondiek