Dada Hakuja Kuombewa

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Bwana asifiwe sana! Mgongo unasemaje na hiyo cherehani? Mimi mzima wa afya, ila furaha hainiachi nikae chini. Dada, wamenipa kipindi! Kila Jumapili saa kumi jioni, mubashara, nchi nzima! Studio yenyewe ni chumba kidogo, taa zinachoma kama jiko, na kuna mama anayenipaka poda usoni nisimetemete. Kwenye majaribio nilipaza sauti mpaka fundi mitambo akavua vile vya masikioni. Washa runinga, dada. Utaniona!

Mdogo wako, Mhubiri

12 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mgongo unauma kidogo, si haba. Nimekuona! Msusi wa jirani na wateja wake, wengine vichwa vimesukwa nusu, walijazana hapa kibandani kwangu. Ulipendeza. Lakini unarukaruka, na kipaza sauti kimekuziba mdomo. Sikusoma hata neno midomoni mwako. Wenzangu wanacheka, wanalia, mmoja kaanguka kabisa. Nikamvuta msusi mkono, "Anasema nini?" Akaniashiria: ngoja kwanza. Nimengoja saa nzima, mdogo wangu.

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo! Hali yako? Barua yako ilinitoa machozi, kisha ikanipa wazo, na naamini limetoka juu. Njoo studio! Nitakuwekea mikono mbele ya kamera, na masikio yaliyozibwa na homa ukiwa na miaka tisa yatafunguka! Nimeshatangaza Jumapili mbili mfululizo: "Tarehe ishirini na mbili, dada yangu atasikia!" Simu zinamiminika, dada, hazipumziki! Gari litakufuata asubuhi.

Mdogo wako, Mhubiri

23 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Dereva alifika jana. Nikampa chai, nikamrudisha na gari tupu.

Nilikubeba mgongoni nikiwa kiziwi. Nimekushonea sare za shule nikiwa kiziwi. Nani alikuambia naumwa? Umeyatangaza masikio yangu kabla hujaniuliza mwenyewe. Na yasingefunguka, watu wangesema imani ya nani ndiyo ndogo? Yangu, si yako.

Usiniandikie kwa sasa.

Dada

15 Julai

Dada,

Shikamoo. Najua ulinikataza. Nimevumilia karibu miezi minne, leo nimeshindwa. U mzima lakini?

Siku ile kiti chako kilibaki kitupu mbele ya kamera. Mtayarishaji wa kipindi akaninong'oneza, "Sema anaumwa!" Nikafungua mdomo niseme hivyohivyo, nikakitazama kile kiti. Nikasema, "Dada yangu amekataa kuja, na haki ni yake. Nilimtangaza bila kumwuliza." Nikajua kipindi kimekufa. Kumbe wee! Barua zikaanza kuingia: viziwi, mama zao, wake zao. "Na sisi je, tutahubiriwa lini?"

Sasa nina mwalimu wa lugha ya alama. Juzi nilitaka kusema "baraka", akaniambia nimesema "sabuni". Wewe unayewafundisha viziwi wenzako kushona, mikono yako ina kasi kuliko ya mwalimu wangu. Nisamehe, dada. Njoo usimame kando yangu, si kuombewa. Njoo uhubiri kwa mikono. Ukikataa, nitaelewa.

Mdogo wako

25 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mikono inaniuma mpaka mabegani kwa kutafsiri mahubiri yako ya Yona, na sijawahi kufurahia maumivu namna hii! Tangu nishuke jukwaani Jumapili, kwenye ule ukumbi ulikohamishia kipindi, sijatulia. Jana nimeshona suruali ya mteja, miguu yote miwili ya kushoto!

Ulikuwa umezongwa na watu, hukuona yaliyotokea safu ya mbele. Wale viziwi kumi na saba uliowaalika walikataa kuondoka. Mzee mmoja, fundi viatu, akanishika bega. Akaniambia kwa mikono kuwa miaka thelathini anamsindikiza mkewe kanisani na kutazama migongo ya watu, na leo ndiyo mara ya kwanza ameelewa mahubiri. Nikadhani atalia. Wala! Amekasirika! Anasema umekosea: Yona hakukimbia kwa woga, alikimbia kwa hasira, na imo sura ya nne, ukasome. Wenzake wakaingilia, mikono ikapepea huku na huku, nusu wako upande wako, nusu wake, mpaka mlinzi akaja mbio akidhani watu wanapigana.

Nimewaambia utajibu mwenyewe. Jiandae vizuri, baba, maana nimeisoma hiyo sura ya nne mara mbili, na mimi niko upande wa mzee.

Dada yako