Mlango wa Uani, Mkesha wa Krismasi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Zaragoza. Tarehe 19 Januari 2021, saa nne asubuhi.

Jina: Casilda Buil Gracia
Umri: Miaka 54
Kazi: Mfuaji nguo, nyumba ya kutunzia wazee
Makazi: Mtaa wa Torrero, Zaragoza

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimesikia kwamba muuguzi wetu Nuria amesimamishwa kazi kwa tuhuma za kumwingiza marehemu Anselmo Latorre ndani. Nuria hakujua lolote. Aliyefungua mlango ni mimi.

Mzee Anselmo nilimfahamu kwa miaka mitatu, tangu alipomleta mkewe, Bi Felisa, ambaye alikuwa ameanza kusahau. Kabla ya korona alikuwa akija kila siku kumlisha. Mwezi Oktoba 2020 wageni wakapigwa marufuku. Kuanzia hapo akawa anasimama nje, upande wa uani, kwa sababu dirisha la Bi Felisa liko chini, jirani na chumba cha kufulia. Alikuwa akifika saa tano asubuhi, mvua inyeshe, upepo uvume. Alikuwa na umri wa miaka 83. Alikuwa mtu wa mizaha. Aliwahi kuniambia, "Casilda, barakoa imekupendeza. Nusu ya uso haionekani." Nikamjibu, "Wewe mzee ungefunikwa wote." Alicheka mpaka akashika ukuta.

Bi Felisa aliogopa barakoa. Kila mtu aliyeingia chumbani alimdhania mwizi. Katikati ya Desemba alianza kukataa chakula, akawa analala ameelekea ukutani. Mzee alikuwa akigonga kioo, lakini mkewe hageuki.

Mnamo tarehe 24 Desemba, majira ya saa kumi na robo jioni, nilikuwa natoa magunia ya nguo uani. Nikamkuta mzee Anselmo amevaa suti na tai. Mkononi alikuwa na chupa ya chai ya kuhifadhi joto. Aliniambia ndani yake kuna supu ya lozi, ile ambayo Bi Felisa alikuwa akiipika kila mkesha wa Krismasi, na kwamba safari hii ameipika yeye.

Akasema, "Mwanangu, dakika kumi tu."

Nikasema, "Mzee, siwezi. Watanifukuza."

Akasema, "Haya, mama. Una haki." Hakunibembeleza. Alikwenda kukaa juu ya kreti tupu chini ya dirisha, chupa yake mapajani. Baridi ilikuwa kali.

Nilirudi ndani nikajaza mashine, nikaiwasha. Nikajaribu kukunja mashuka. Nilikunja shuka moja mara tatu. Kisha nikaenda kufungua mlango. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilimpima joto, lilikuwa nyuzi 36 nukta moja. Nilimnawisha mikono, nikampa barakoa mpya, glavu na joho la plastiki. Naomba iandikwe kwamba nilikuwa nawalinda wa ndani dhidi yake. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaingia, na kwamba aliyestahili kulindwa ni yeye.

Aliingia kumwona mkewe kupitia chumba cha kufulia, mimi nikiwa mbele. Wauguzi wote wawili wa zamu, Nuria akiwa mmoja wao, walikuwa ghorofa ya juu. Bi Felisa alipomwona akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Akajivutia blanketi usoni.

Mzee akasema, "Felisa, ni mimi."

"Sikujui! Toka!"

Alinigeukia. Akaishika barakoa kwa kidole. Nikamwambia, "Mzee, usivue, nakuomba." Akasema, "Anijue kwanza." Akaivua.

Bi Felisa alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Anselmo. Mbona umekonda hivyo? Hakuna anayekupikia?"

Mzee alikaa kitandani, akalia na kucheka kwa pamoja. Akammiminia supu. Bi Felisa akaonja, akakunja uso, akasema, "Chumvi imezidi." Hata hivyo aliimaliza yote. Alikuwa hajala kitu kwa siku mbili. Halafu waliegemeana mashavu. Mimi nilisimama mlangoni nikilinda ukumbi. Zilipotimia dakika kumi sikusema kitu. Walikaa dakika arobaini.

Alitoka saa kumi na moja na dakika tano. Pale uani alinishika mkono. Akaondoka.

Tarehe 26 Desemba tulipimwa sote. Wazee tisa wa ghorofa ya chini walikutwa na korona, Bi Felisa akiwa mmoja wao. Nilimpigia simu mzee papo hapo. Akasema, "Usijisumbue, mwanangu. Yeye anaendeleaje?" Tarehe 28 alianza kukohoa. Tarehe 30 alipelekwa hospitali. Alifariki tarehe 5 Januari, saa tatu asubuhi, hakuna aliyeruhusiwa kumshika mkono. Bi Felisa hakupata hata homa.

Bintiye, Begoña, anaishi Bilbao. Makaburini tulikuwa watu watatu na padri. Alisema, "Krismasi sikuja ili nisimuue. Alikuwa anatoka kununua mkate tu. Ugonjwa ameupata wapi?" Nilikuwa kando yake. Nikanyamaza. Siku tatu baadaye alifungua malalamiko haya, akishuku kwamba kuna aliyemwingiza baba yake ndani.

Tarehe 17 Januari, siku niliyosikia habari za Nuria, nilikwenda alikofikia Begoña, kwenye nyumba ya baba yake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama ngazini. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja: "Mama alimjua?"

Nikasema, "Alimjua. Alimwita kwa jina."

Akasema, "Mimi hajaniita jina langu mwaka wa pili sasa." Kisha akasema, "Nenda ukawaambie polisi." Akafunga mlango taratibu.

Nimeulizwa kama najuta. Usiku silali. Lakini kila nikijaribu kuwaza kwamba sikufungua, namwona mzee juu ya ile kreti, nami siwezi kumwacha pale.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: C. Buil

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyakubali kuwa sahihi. Ameomba neno moja lirekebishwe. Mahali ambapo mimi niliandika kwamba marehemu aliingia kumwona "mgonjwa", amesema pasomeke "mkewe". Nimerekebisha.

Inspekta R. Oliván