Makaroni ya Mama Ndani ya Suruali ya Kliniki

Mpendwa Shangazi Akeno, nakuomba uniokoe kabla uchumba wangu haujavunjika kwa sababu ya makaroni, na usinicheke maana kucheka ndiko kulikoniponza. Mama yangu ana duka hapa kambini Kakuma na makaroni huyauza kwa gorogoro, ule mkebe tunaopimia mahindi, na mchumba wangu Emanikor ni wa Lodwar, kazi yake kliniki ni kupima uzito wa watoto, basi alinunua kwa mama gorogoro moja apeleke kwao, alipofika akayapima, akaona hayafiki kilo mbili, na kila mtu anajua gorogoro ni kilo mbili, na badala ya kuniuliza mimi akarudi Jumamosi na makaroni yale na mizani ya kliniki, ile ya kuning'inia yenye kisuruali cha kumkalisha mtoto, akaitundika kwenye boriti ya duka, akafunga miguu ya suruali, akamimina makaroni ndani mbele ya wateja, akamwambia mama kwa ile sauti yake ya kazini, "Mama, hii iko kilo moja na robo. Ingekuwa mtoto, ningeiandikia unga ya lishe."

Wateja wakacheka, na mimi, Shangazi, nikacheka hadi nikakaa juu ya gunia la mahindi. Mama hakucheka. Alisema, "Kalas, ya weled, basi kijana. Na mbuzi zako za mahari hatuhesabu. Zitaingia hiyo suruali moja moja." Mbuzi wenyewe kwa ukame huu ni ngozi na pembe. Emanikor anasema tangu lini mbuzi wa mahari wakapimwa, mama anasema mwenye mizani ndiye aliyeanza, na mimi mama hanisemeshi. Harusi ni Agosti. Nifanye nini?

Nyandeng, Kakuma

Nyandeng binti yangu, ejok, hujambo. Pole, ingawa nami nimecheka, ila mimi sina mama hapo wa kuninunia.

Sikiliza. Gorogoro hubeba kilo mbili za mahindi kwa sababu mahindi hubanana. Makaroni yana tundu katikati na yamejikunja, kwa hiyo nusu ya mkebe ni hewa. Kilo moja na robo ndiyo haki yake, na mama yako hakumwibia mtu. Emanikor akitaka kilo mbili, anunue gorogoro moja na nusu, zijae mpaka kilima. Huyu anayeona kila siku watoto wa kimo kimoja wakipishana uzito, kwa makaroni alipatwa na nini?

Arudi Jumamosi, wateja wakiwepo. Apime gorogoro ya mahindi, kisha ya makaroni, amimine kwa mkono wake, asome kwa sauti ileile. Halafu aseme, "Mama, nimekosa," bila kutaja lishe. Mizani irudi kliniki, watoto wanaingoja. Mbuzi wahesabiwe kama desturi, na aongeze mmoja wa kuomba radhi, mwenye nyama.

Lakini wewe usingoje Jumamosi. Mama yako anaweza kuvumilia kijana wa watu kumwita mwizi. Kilichomuuma ni binti yake kukaa juu ya gunia la mama yake akicheka na wateja. Leo hii chukua makaroni yaleyale, uyapike, mpakulie mama kwanza, na umwombe msamaha kabla hajaonja. Yakishachemka yatajaa sufuria, na hata Emanikor hatauliza yalikuwa kilo ngapi.

Shangazi Akeno