Bua Bila Jani

Kwako kaka yangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba goti halikusumbui tena. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Hapa kiwandani, kwenye kugeuza mabua kuwa karatasi, mambo ni yaleyale. Fundi waliyemweka mahali pako baada ya kukufukuza ni mtu wa maneno mengi. Alipoanza alitangaza kwamba mabomba ya kukoleza maji meusi yanayobaki baada ya kupika mabua yatang'aa hadi ajitazame humo akinyoa ndevu. Wiki ya sita yakaziba, vilevile kama yalivyoziba mikononi mwako: ukoko mweupe, mgumu kama kioo, ukiugonga nyundo inaruka. Siku hizi ana ndevu na amenyamaza.

Meneja akaniita. Akataka kujua inakuwaje mafundi wawili wazembee kwa namna moja, wakati karatasi zangu za maabara zinaonyesha silika, yale madini ya mchanga na kioo, kidogo tu kwenye mabua ya ngano. Nikamwambia nitapima upya.

Kazi yenyewe unaijua: nachukua mabua kutoka kwenye robota, nayachoma hadi yawe majivu, napima silika iliyobaki. Hiyo ndiyo inayoyeyuka kwenye soda kali ya kulainishia mabua wakati wa kupika, kisha inakuja kuganda kwenye mabomba yenu. Safari hii niliyachukua yalivyo, na majani yake. Silika ilitoka karibu mara mbili. Nilirudia mara tatu.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Kwa miaka miwili nilikuwa nayamenya mabua kabla ya kuyachoma. Majani yanawasha mikono na kuchafua mizani, na usafi wangu unaujua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba iko siku nitapiga pasi moshi. Silika nyingi imo kwenye majani. Nilikuwa naitupa kwenye ndoo, halafu naandika kwamba haipo. Kwa namba zangu ulipangiwa kuosha mabomba kila baada ya miezi miwili. Yalihitaji kuoshwa kila wiki mbili.

Haya niliyajua Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku nane nilikula, nikalala, nikaenda kazini. Naona aibu zaidi kwa hizo siku nane kuliko kwa yale majani.

Leo asubuhi nimemwandikia meneja yote. Amesoma, akaomba aonyeshwe ndoo. Kuhusu kazi yangu, au kukurudisha wewe, hajasema lolote.

Mama aliniambia kwamba siku ulipoondoka ulimwambia labda ni kweli, labda ulizembea bila kujijua. Hukuzembea, kaka. Hata siku moja.

Msalimie wifi na watoto, na uwasomee barua hii yote, usiruke kitu.

Ni mimi dada yako,
wa maabara