Tulipoligeuzia Mgongo Behewa la Malkia

Stesheni ya Vasangadh,
Kathiawar.
Novemba 9, 1931.

Mpendwa Kaka Lavji,

Naigusa miguu yako kutoka huku mbali. U hali gani huko Rangoon, na kile kifua chako kimetulia? Shemeji Rambha na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima wa mwili tu. Mama hula vijiko viwili vya uji wa uwele, kisha husukuma bakuli.

Mvua zilikuwa haba mwaka huu na pamba imetoka fupi. Ng'ombe wako mwekundu amezaa dume.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba hutakuja kumfanyia Baba ibada ya mwaka, kwa kuwa mtu aliyekufa kwa ulevi wa kasumba ameiaibisha nyumba. Kaka, maneno hayo yameniunguza. Wewe ndiye kifungua mimba. Usipokuja, nani atamtolea maji na tonge la wali?

Reli hii ya mfalme unaijua kuliko mimi. Babu aliubeba udongo wake kichwani mwaka wa njaa kuu, watu walipolipwa nafaka ili wasife. Baba akaja kushika bendera ya kijani, akaishika miaka thelathini na mmoja. Abiria wakilalamika treni imechelewa, aliwatania, "Hii ni ya mfalme bwana, nayo lazima ilale mchana." Kasumba aliionja harusini kama kila mtu. Kazini, hata siku moja.

Desturi unaikumbuka. Behewa la Malkia likiingia, pazia jekundu husimamishwa mbele yake ili Malkia asionekane, na kila mwanamume huligeuzia mgongo hadi liondoke. Atakayegeuka hana kazi wala nyumba. Siku aliyokufa Baba, mfunga breki aliliacha behewa la pamba kabla hajamaliza kulifunga breki, akakimbilia ukutani kama sisi sote. Baba alikuwa amesimama kwenye reli ya pili, mgongo kwa Malkia, bendera mkononi. Lile behewa la pamba likaanza kuteremka lenyewe.

Mkuu wa stesheni hakuthubutu kuandika kwamba desturi ya ikulu imeua mtu. Aliniita ofisini. "Devshi mwanangu, mama yako unataka akalale wapi? Tia sahihi hapa, yaishe." Karatasi ilisema Baba alilewa kasumba akasinzia relini. Nikatia sahihi, nyumba tukabaki nayo. Nilijidanganya kwamba aibu ya marehemu haimuumizi mtu, kumbe itavuka bahari ikufikie wewe.

Mama hajui kilichoandikwa. Kila asubuhi huniuliza kama umeshapanda meli, nami humjibu bado.

Msalimie sana Shemeji, na Mjomba Hirji pia, umwambie tumbaku yake ilifika. Mungu awakinge na maradhi ya ugenini.

Kaka, limebaki moja, na nimelizungukia tangu nishike kalamu. Nilikuwa hatua sita kutoka alipokuwa Baba, uso ukutani. Niliyasikia magurudumu. Nayajua magurudumu ya behewa la mizigo, na nilijua yanamwelekea nani. Muda wa kugeuka nimvute shati nilikuwa nao. Nikaogopa. Hata kumwita sikumwita, maana mbele ya pazia hatupazi sauti. Nilibaki nimeukodolea macho ukuta mpaka kukawa kimya.

Njoo umlilie baba yako kwa heshima yake. Hasira yako nitaipokea mimi mlangoni.

Mdogo wako anayekupenda, na anayeliogopa jibu lako,
Devshi