Gemu Yetu Ilikwama Kwenye Skrini ya Kwanza

Alhamisi, usiku. Migori imekuwa na jua kali mchana kutwa, na sasa upepo unaleta harufu ya mvua ambayo pengine inawanyeshea watu wengine. Nina furaha, na sijui niiweke wapi.

Kama unanisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni msichana wa Homa Bay, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na mimi si mtu wa maneno. Darasani, mwalimu akiuliza swali ambalo nilijua jibu lake, niliangalia dawati. Rafiki yangu wa kweli ni mmoja tu, Boke, ambaye bwenini alilala kitanda cha juu na mimi cha chini. Yeye ni Mkuria, ana sauti kubwa na haogopi mtu. Tangu tumalize shule tunatengeneza gemu pamoja, yeye akiwa hapa Migori kwa dada yake, mimi nikiwa nyumbani, tukitumiana mafaili kwa simu.

Ni RPG, yaani zile gemu ambazo unavaa maisha ya mtu mwingine na kusafiri ndani yake. Yetu inahusu fahali wa mahari aliyetoroka kabla ya kufikishwa kwa wakwe. Ameonekana Rusinga, ameonekana Kendu Bay, mtu mwingine anaapa amemwona Rodi Kopany, na wewe mchezaji unamfuata hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Boke amechora ramani zote. Hadithi na mapigano ni yangu.

Na tulikuwa tumeshindwa kuvuka skrini ya kwanza.

Tatizo ni hili. Mimi nimekuzwa na RPG za Kijapani, zile za zamani, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake mhusika tayari ni mtu. Ana jina, ana mama, ana jambo linalomuuma. Wewe unamfuata, unakusanya wenzake mmoja mmoja, mnapigana kwa zamu, na mwisho unalia. Nilitaka gemu yetu ifunguke na msichana mmoja ninayemjua mimi, mwenye jina nililompa mimi.

Boke anacheza za Kimagharibi kwenye laptopu. Huko unaanza kwa kujitengeneza mwenyewe, kama mbele ya kioo: uso, nywele, jina lolote. Kisha unaachiwa dunia nzima na hakuna anayekwambia uende wapi. Yeye alitaka hivyo. Alisema msichana wangu ni wa kwangu tu, na mchezaji atakuwa mgeni wa kumtazama kupitia dirisha. Mimi nilimjibu kwa ujumbe kwamba mhusika wake hana mtu ndani, ni nguo iliyoanikwa kwenye kamba.

Hilo la nguo lilimuuma. Jumapili alinipigia simu akasema nije Migori tuzungumze uso kwa uso, na tusipokubaliana tugawane: yeye abaki na ramani zake, mimi na hadithi yangu. Alisema kwa sauti ndogo. Boke hana sauti ndogo.

Sikula vizuri siku hizo. Sikuhofia gemu peke yake. Nilijua kwamba bila gemu, mimi na Boke tungebaki watu wa kutakiana heri ya Krismasi.

Kwa hiyo nilijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilisoma kila nilichopata kuhusu historia ya RPG, nikitafuta ushahidi kwamba njia ya Kijapani ndiyo halisi na ile nyingine ni ya kuiga.

Nilichokipata kilinivuruga kabisa, kwa uzuri.

Wamarekani ndio walioanza. Walikuwa na mchezo wa mezani wa karatasi na dadu, wakauingiza kwenye kompyuta: mapango, nambari, vifo vingi. Wajapani wachache wakaucheza, wakaupenda hadi wakataka kila mtu nyumbani kwao aupate. Wakaupunguzia nambari, wakauleta kwenye runinga ya sebuleni, wakautia nyuso na muziki na huzuni. Zile gemu zikavuka bahari zikarudi Marekani na Ulaya, watoto wa huko wakakua nazo, na leo watu hao wazima wanatengeneza RPG za zamu kama wamelelewa Japani. Juzi tu kundi la Wafaransa limetoa moja, na wapenzi wa gemu duniani hawazungumzii kitu kingine. Wakati huohuo Wajapani waliziona dunia zilizo wazi za Wamagharibi wakafungua za kwao, na sasa Wamagharibi wanawaiga tena jinsi walivyozifungua.

Halafu nikasoma kuhusu Mjapani mmoja ambaye utotoni alisoma vitabu vya Kiingereza bila kuelewa kila neno, na pale asipoelewa alijaza mwenyewe kwa mawazo yake. Alipokuwa mkubwa, akatengeneza gemu zenye mapengo ya namna hiyo.

Nilisimama katikati ya chumba. Hivyo ndivyo nilivyocheza mimi. Nilikuwa darasa la tano, Kiingereza cha kwenye skrini kilikuwa kikubwa kuliko mimi, na nusu ya hadithi ninazozipenda niliziandika mwenyewe kichwani bila kujua.

Nikaja Migori leo nikiwa tayari kushindwa, lakini nikiwa nimejaa hadithi hizo.

Dada yake Boke anaitwa Robi na ana saluni karibu na soko. Boke hufanyia kazi zake huko kwa sababu kuna umeme na kuna kona yenye meza. Nilimkuta amefungua laptopu, ramani ya Kendu ikiwa imejaa skrini, nzuri hadi nikasahau kusalimia. Nilikaa. Nikaanza kumweleza yote, Wamarekani, Wajapani, Wafaransa, kwa kunong'ona, kwa sababu saluni ilikuwa na wateja. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza:

"Sawa, wamefunzana. Nimefurahi kwa niaba yao. Lakini mtu akibonyeza kuanza, anaona nini? Msichana wako ama kioo changu?"

Historia yote ile haikuwa na skrini ya kwanza ndani yake.

Boke akafunga laptopu taratibu. Nilijua maana yake. Akaanza kutafuta waya wa kuhamishia mafaili.

Nyuma yetu Robi alikuwa anamsuka mama mmoja mnene mwenye kicheko, muuza dengu, anayeitwa Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, kwa kuwa aliolewa hapa akitokea huko. Robi alikuwa analalamika kwamba kichwa hicho kimemeza pakiti zote za nywele na bado kinalia njaa. Nyar Kendu akamwambia asuke tu, kwani ni yeye mwenyewe, Nyar Kuria, binti wa Wakuria, aliyepima pakiti kwa macho. Robi akaitika kwa jina hilo bila hata kugeuka. Nimemjua Robi tangu kidato cha kwanza na sikuwahi kujua kwamba hapa Migori yeye hana jina lingine.

Kisha Nyar Kendu akanigeukia mimi.

"Na huyu Nyar Homa Bay mbona haongei? Ulimi aliusahau stendi?"

Saluni ikacheka. Siku nyingine ningetaka sakafu inimeze. Leo nilibaki nimemkodolea macho. Mama huyu hakuwa ameniuliza jina. Sikulichagua hilo alilonipa, na hakuna aliyeniandikia kabla sijafika. Nilikuwa nimelibeba kutoka nilikotoka, na yeye akalisoma.

Nikamuuliza, na hii ni mimi, mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo Boke baadaye alisema hajawahi kuisikia: "Mama, ukirudi Kendu wanakuita nani?"

Alinishangaa. Akasema Kendu hakuna Nyar Kendu, kule wote ni wa Kendu. Akienda kusalimia, watoto wa kaka zake wanasema mama wa Migori amefika, ameleta nini.

Nikamshika Boke mkono, yeye na waya wake.

Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja. Skrini ya kwanza haina msichana na haina kioo. Inakuuliza kitu kimoja tu: umetoka wapi. Unachagua Rusinga, au Rodi, au Kendu, au Kehancha kwa Wakuria, kisha unatembea unakotaka kwenye ramani zake zote, dunia wazi kabisa, na kila unapofika watu wanakuita kwa kule ulikotoka. Ukikaa mahali ukafanya jambo kubwa, ukiondoka jina linabadilika. Uhuru alioutaka Boke upo. Lakini mhusika si mtupu tena, kwa sababu kila mdomo anaokutana nao una hadithi kumhusu, kweli au uongo, na hizo nitaziandika mimi. Na pale mchezaji asipoelewa kwa nini wanamwita hivyo, atajaza mwenyewe.

Nilipomaliza nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kusimama.

Robi ndiye aliyejibu kwanza, mkono ukiwa bado kwenye nywele, kwamba hata Mkuria akifika kwenye gemu hiyo mtamwita Nyar Kuria maisha yake yote kana kwamba Ukuria ni kijiji kimoja chenye nyumba tatu. Nyar Kendu akajibu kwamba nyumba ni nne, sasa wameongeza choo. Robi akamvuta msuko kidogo, makusudi.

Lakini alichosema Robi kilikuwa kweli, na Boke alikishika hapohapo. Akasema upande wa Kehancha ataandika yeye, maana nikiandika mimi, Wakuria wote watasalimiana kama watu wa Homa Bay. Kule kwao mgeni anaulizwa mambo mengine kwanza, na yeye anayajua.

Alisema "nitaandika." Nilisikia vizuri. Mtu anayegawana mali hapangi kazi.

Akafungua laptopu.

Tumefanya kazi hadi Robi alipoanza kufagia miguuni petu. Skrini ya kwanza ipo. Ni mbovu, maandishi yametoka nje ya kisanduku, na anayetoka Rusinga anatokea juu ya paa la kanisa. Boke aliijaribu akitoka Rodi, akaingia Kendu, na muuza samaki wa kwanza akamwambia: Nyar Rodi, fahali wako amekanyaga omena wangu, utalipa ama utaanika upya? Boke alicheka, akauliza kama anaweza kukataa vyote viwili. Nilimwambia bado sijaandika hilo. Akasema niandike.

Sasa niko kitandani kwa Robi, Boke anaoga, na tuna ugomvi mpya. Ziwani kuna kiboko anayeziba njia. Mimi nimemwandikia pigano la zamu, refu, lenye muziki. Boke anataka mchezaji awe na uwezo wa kuzungumza naye na kumshawishi asogee. Nimemwambia kiboko haongei. Ameniambia hata fahali hatoroki mahari. Nimemwambia fahali anatoroka, uliza mtu yeyote. Tumebishana hivyo tangu chakula cha jioni na hakuna aliyetaja kugawana chochote.

Ameita kutoka bafuni sasa hivi, maji yakimwagika, kwamba amepata wazo: kiboko wetu awe kiziwi, kwa hiyo lazima umwendee karibu sana.

Amesema kiboko wetu.

Ni wazo baya. Je, nimwambie leo, au nimwache alale nalo? Nitamwacha. Asubuhi nitamwambia, na kwa mara ya kwanza maishani nina hamu ya kuongea.