Timu Iliyoharibiwa na Shibe

Mungaa, Singida
18 Julai 1954

Mpendwa Kaka Laurenti,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Tanga na kazi ya mkonge? Ile homa imekuacha? Sisi huku hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi, ila mdomo wake mzima kabisa, unamjua mwenyewe.

Uliuliza habari za timu ya mpira wa magongo uliyotuachia. Kaka, kichwa changu kimevurugika, hata sijui nianzie wapi.

Wakati wa mvua, ghala zikiwa tupu na watu wanakula mlenda mtupu, tulimfunga kila mtu. Issuna tuliwafunga, Ikungi tuliwafunga kwao, hata wale makarani na wenye maduka wa mjini, wenye magongo ya kununua, waliondoka vichwa chini. Filipo wa shangazi, ndiye nahodha sasa, alikuwa hakamatiki. Na tumboni hana kitu!

Ukavunwa uwele. Tangu hapo tunafungwa tu. Eti nani amefungwa na Issuna? Sisi! Filipo anasema uwanja umekauka, mpira unaruka ovyo. Melkizedeki, beki wetu, anasema tumerogwa. Mimi ninayelinda goli nilishuku kitu kingine, nikaogopa kukisema. Nilishuku chakula.

Unajua desturi yetu. Wakati wa mavuno hupiti mlango wa mtu bila kuonja uwele wake mpya, utakuwa umemdharau. Na kutoka hapa hadi Issuna ni milango mingapi? Kila nyumba ugali, maziwa ya mgando, togwa. Tukifika uwanjani tunatafuta kivuli. Tukifungwa, akina mama wanasema watoto wamekosa nguvu, mechi inayofuata wanaongeza kuku. Lakini mtu aliyeshiba anakosaje nguvu? Nieleze wewe uliyetembea, maana mimi nimeshindwa.

Fainali ya kombe tuliingia kwa ule ushindi wa wakati wa mvua tu. Ilichezwa Jumamosi ya juma lililopita kule Ikungi, sisi na timu ya mjini. Mzee Mughwai, mwenye yale malisho tunayochezea, alikuwa ametuambia wazi kwamba kombe lisipokuja, ng'ombe wake wanarudi. Basi tukakubaliana tupite porini, tusionane na mtu. Tulifika na njaa safi, nikafurahi moyoni. Mungu wangu! Tukamkuta mama na wenzake wametutangulia kwa lori, vyungu vimejaa, na mguu ule ule mbovu. Anatabasamu. Ungekuwa wewe ungekataa? Tulikula. Tukafungwa matano.

Jana ng'ombe waliingia uwanjani. Tulisimama pembeni kama wafiwa, Filipo analia waziwazi, na mimi nilimchukia yule mzee kwelikweli. Naye akatusogelea, akasema, "Poleni wanangu. Njooni nyumbani, uwele wangu hamjauonja bado." Kaka, tulikwenda. Tena mimi niliongezwa mara mbili, na hasira ninayo mpaka sasa.

Theodora na Filipo wanakusalimu. Nisalimie shemeji Esta na mtoto. Mungu akukinge na mashine za mkonge, akurudishe kwetu mzima.

Mama naye anakusalimu sana, na anauliza kama huko Tanga unashiba. Nimjibu nini?

Ni mimi mdogo wako akupendaye, asiyeelewa kitu,
Antipasi